Kurudisha mipangilio ya hifadhidata: mwanzo wa nani?

"Mwanangu, mbona dawa zote nilizopokea mwezi huu zinaharibika Januari?"

Mama mwenye duka la dawa aliniuliza hivyo mwaka jana, upande wa Kampemba hapa Lubumbashi, boksi la amoksisilini likiwa mkononi na miwani imemshuka puani. Boksi lilisema mwezi wa nane 2027. Kompyuta ilisema 8 Januari 2027. Akashusha boksi lingine kutoka kwenye rafu, la dawa ya minyoo: mwezi wa tatu 2028. Kompyuta ikasema 3 Januari 2028. Kabla sijavuta kiti nilikuwa nimeshajua kwamba kuna mtu amegusa mipangilio ya hifadhidata, na kwamba siku na mwezi vimebadilishana nafasi.

Aliyeigusa alikuwa fundi kijana, mwenye bidii na adabu. Nilipompigia simu hakuficha kitu. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita mkubwa wetu hapa, "sikuharibu. Mfumo ulikuwa mzito, nikarudisha vyote kama vilivyotoka kwa wenyewe." Namwamini. Fundi aliyemtangulia alipata kazi kwenye migodi ya Kolwezi, akaondoka bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Kijana alikuta seva ya PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata, kwenye kompyuta ya mezani ya Windows, imejaa thamani ambazo hakujua ziliwekwa na nani wala kwa sababu gani. Akaandika ALTER SYSTEM RESET ALL, amri inayofuta kila thamani iliyowekwa kwa ALTER SYSTEM. Kisha akachukua faili la mfano linalokuja na programu yenyewe, akaliweka mahali pa postgresql.conf, faili kuu la mipangilio, akawasha seva upya.

Siandiki haya kumlaumu. Naandika kwa sababu kati yetu mafundi wa mji huu kuna imani kwamba kurudisha "par défaut", yaani kwenye chaguo-msingi, kama tunavyosema kila siku, ni kitendo kisicho na hatia, kama kufagia nyumba kabla ya wageni. Mimi nimefika mahali pa kuamini kinyume chake. Kurudisha mipangilio yote kwa mkupuo ni badiliko zito kuliko yote yaliyofanywa na mafundi waliokutangulia, kwa sababu linafuta kwa amri moja maamuzi ya watu waliolijua duka, umeme wake na wateja wake, na kuweka mahali pake maamuzi ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Katanga.

Chaguo-msingi ni thamani ambayo programu huitumia pale ambapo hakuna aliyeiambia vingine. Lakini thamani hiyo nayo iliandikwa na mtu, na mtu huyo ana kwao. PostgreSQL ilizaliwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, kwenye mradi ulioanzishwa mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na hadi leo thamani ya kigezo cha DateStyle iliyoandikwa ndani ya programu ni ISO, MDY. Maana yake, ukiandika tarehe kwa mikwaju, namba ya kwanza inasomwa kuwa mwezi, kama Wamarekani wanavyoandika. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ilitoka kwenye kampuni ya Sweden. Kwa miaka mingi, mpaka toleo la 8.0 lilipotoka 2018, jedwali lililoundwa bila kutajiwa herufi lilipewa utaratibu unaoitwa latin1_swedish_ci, yaani maneno yalipangwa kwa kanuni za alfabeti ya Kiswidi. Kuna orodha za wanafunzi na za wagonjwa katika nchi nyingi ambazo zilikaa miaka katika utaratibu huo, na hakuna aliyeuchagua. Waliunda jedwali tu, na ukimya wao ukahesabiwa kuwa ni kukubali.

Sioni ubaya kwa watu wa Berkeley wala wa Sweden. Kila mtu huanza na kwao. Ubaya unaanza pale sisi tunapoichukua thamani yenye kwao tukaiita thamani isiyo na mahali.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, na ndilo lililomponza kijana wetu. PostgreSQL inapowekwa kwenye mashine kwa mara ya kwanza, programu ndogo iitwayo initdb huangalia lugha na majira ya mashine hiyo, kisha huandika matokeo ndani ya postgresql.conf. Kwenye mashine iliyowekwa Kifaransa, kama zilivyo karibu zote hapa, initdb huandika iso, dmy, siku kwanza. Huandika Kifaransa kwa utafutaji wa maandishi. Huandika pia majira ya mahali. Basi tangu siku ya kwanza kuna mianzo miwili: ule uliomo ndani ya programu yenyewe, na ule ulioandikwa siku ya usakinishaji kwa kuangalia mahali. Faili la mfano halina huu wa pili. Ndani yake mstari wa tarehe na mstari wa majira ya saa imewekewa alama ya reli (#) mwanzoni, haisomwi, na thamani zinazobaki ni mwezi kwanza na saa za GMT. Kijana alidhani anairudisha seva siku ilipowekwa Kampemba. Aliipeleka mbali zaidi, Berkeley.

Kilichotokea baada ya hapo nakisimulia kwa urefu, kwa sababu humo ndimo somo lote lilimo.

Asubuhi ya kwanza, kompyuta za kaunta zilikataa kabisa kuunganishwa na seva. Hilo lilitarajiwa: kigezo cha listen_addresses, kikiachwa kwenye chaguo-msingi, kinasikiliza mashine yenyewe tu, hakisikilizi mtandao wa duka. Kijana alilitatua kwa dakika chache, wauzaji wakampongeza. Kosa lenye kelele lina heri yake, maana linaita mtu papo hapo. Akaondoka akiamini kazi imekwisha.

Tarehe za mwisho wa dawa hazikupiga kelele. Maboksi mengi ya dawa huandikwa mwezi na mwaka tu, bila siku, lakini mfumo wa duka ulitaka tarehe kamili, kwa hiyo wauzaji walizoea kuandika siku ya kwanza ya mwezi: 01/08/2027. Seva iliyosoma mwezi kwanza ikapokea bila kusita, 8 Januari 2027. Siku ikiwa ni 01 daima, hakuna hata tarehe moja ingeweza kukataliwa. Kila dawa mpya ilihamia Januari kimyakimya, na orodha ya dawa zinazokaribia kuharibika, ambayo mama huitegemea kuamua anunue nini na apunguze bei gani, ikawa haina maana.

Upande wa ankara za wauzaji wa jumla mambo yalikwenda vingine. Badiliko lilifanyika mwanzoni mwa mwezi wa saba. Siku za kwanza, ankara ya 5 Julai iliandikwa 05/07 na seva ikaisoma 7 Mei. Hakuna aliyegundua, kwa sababu mizigo inayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huja na ankara za wiki nyingi nyuma, na tarehe ya Mei haikumshangaza mtu. Ilipofika tarehe 13 mashine ikaanza kukataa. Hakuna mwezi wa kumi na tatu. PostgreSQL ilirudisha ujumbe kwamba thamani imetoka nje ya mipaka, na chini yake ikaongeza dokezo kwamba huenda unahitaji DateStyle nyingine. Jibu lote lilikuwa hapo. Lakini mfumo wa duka haukumwonyesha muuzaji dokezo hilo. Ulimwonyesha dirisha jekundu lenye neno moja: kosa.

Sasa tazama binadamu anavyofanya. Muuzaji wa kaunta ya pili, dada mwepesi wa kuelewa, alijaribu kugeuza: mwezi kwanza, siku baadaye. Ikakubali. Kuanzia hapo akawa anaandika ankara zake zote hivyo, na zake zikaingia sawasawa. Mwenzake wa kaunta ya kwanza aliendelea kama zamani, na ikikataa alisogeza siku nyuma mpaka ikubali. Kwa hiyo ndani ya jedwali moja, katika wiki zilezile, kulikuwa na tarehe sahihi, tarehe zilizogeuzwa, na tarehe za kubuni. Tarehe za dawa niliweza kuzirekebisha kwa amri moja, kwa sababu tulijua siku yake ilikuwa 01 daima na nilijua zimeingia lini. Za ankara hapana. Kanuni ya kuzigeuza zote ingeziharibu zile za dada wa kaunta ya pili. Palihitajika makaratasi.

Saa nazo zilihama, ingawa huko tulipona. Nchi yetu ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya GMT, sisi wa Lubumbashi saa mbili. Duka lile hufanya zamu ya usiku. Seva ikisoma GMT, mauzo ya saa saba usiku huhesabiwa ni ya jana, na fedha za muuzaji wa zamu haziwiani na ripoti ya siku. Yule binti wa usiku aliulizwa maswali ambayo hakustahili kuulizwa. Bahati nzuri aliyejenga mfumo alitumia aina ya safu inayozingatia majira, ambayo huhifadhi kila wakati kwa saa za UTC na kuugeuza unaposomwa, hivyo niliporudisha TimeZone kuwa Africa/Lubumbashi ripoti zote za nyuma zikanyooka zenyewe. Angetumia ile isiyozingatia majira, saa mbili zile zingebaki zimepotea ndani ya data.

Nimesema kuna mianzo miwili. Kwa kweli ni mingi zaidi, na amri zenyewe hazikwambii unarudi kwenye upi. Mkazi wa Katuba akikwambia mwezi wa kumi na mbili kwamba anarudi nyumbani, huwezi kujua kama anapanda teksi kwenda Katuba au treni kwenda Kaniama alikozaliwa baba yake. Yote mawili ni nyumbani. Katika PostgreSQL, ukiandika RESET work_mem (kigezo cha kumbukumbu ya kupangia data) ndani ya muunganisho wako, unarudi Katuba: unapata thamani ambayo ungekuwa nayo kama usingeibadilisha tangu ulipoingia. Huenda thamani hiyo iliwekwa kwa jina la mtumiaji wako, au kwa hifadhidata yako, au kwenye faili la seva. Kuandika SET work_mem TO DEFAULT ni jambo lilelile kwa maneno mengine. ALTER SYSTEM RESET, iliyokuja na toleo la 9.4 mwaka 2014, huondoa mstari kwenye postgresql.auto.conf, faili ambalo husomwa baada ya postgresql.conf na kulishinda. Ukishauondoa na kuiamuru seva isome upya mafaili yake, inayotawala ni thamani ya postgresql.conf, iwe ni ya msingi au ya fundi wa miaka sita iliyopita. Na kilichowekwa kwa ALTER ROLE au ALTER DATABASE hakiguswi kabisa. Nimeona watu wakirudia amri mara tatu, wakiapa kwamba seva ni mbovu, kumbe thamani inatoka ghorofa nyingine.

MySQL imelifanya neno moja libebe maana mbili. Chukua kigezo chake cha kumbukumbu ya kupangia, sort_buffer_size: SET GLOBAL sort_buffer_size = DEFAULT inakupeleka kwenye thamani iliyojengwa ndani ya programu. SET SESSION sort_buffer_size = DEFAULT inakupeleka kwenye thamani ya sasa ya seva nzima, hata kama hiyo imebadilishwa na mtu jana. Neno ni lile lile, DEFAULT, na mtu anayelisoma haraka hawezi kuona tofauti. RESET PERSIST nayo huondoa thamani kwenye faili la mysqld-auto.cnf tu, seva inayotembea inaendelea na thamani ya zamani mpaka izimwe na kuwashwa. Fundi hufanya kazi Jumatatu, haoni badiliko, anasahau. Umeme unakatika Alhamisi, seva inaamka na tabia mpya, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Pia mwanzo una mwaka wake. Work_mem ya msingi ilikuwa megabaiti 1 kabla ya toleo la 9.4, leo ni 4. Nywila mpya zilihifadhiwa kwa md5, njia ya zamani ya kuzificha, mpaka toleo la 14 la mwaka 2021 lilipofanya njia iliyo imara zaidi, scram-sha-256, kuwa chaguo-msingi. Mtu akiniambia amerudisha vyote mwanzo, namuuliza toleo gani.

Hapa kwetu jambo hili halipaswi kutushangaza. Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971, na mwaka 1997 jina la Katanga likarudi. Jina lilirudi, miaka ishirini na sita haikurudi. Watu waliozaliwa katikati bado wana vyeti vya kuzaliwa vinavyosema Shaba, nchi ya Zaïre, na mfumo wowote wa kusajili wagonjwa au wanafunzi unaotaka kuwatendea haki lazima uyakubali majina yote mawili. Faranga nayo ilirudi mwaka 1998 baada ya zaïre, lakini hakuna aliyedhani kwamba bei za mwaka 1967 zimerudi pamoja nayo.

Mipangilio ni hivyo hivyo. Inahusu yatakayoandikwa kesho. Ukirudisha password_encryption kwenye scram-sha-256, nywila zilizokwisha kuhifadhiwa kwa md5 hubaki md5 mpaka kila mtumiaji abadilishe yake. Ukibadilisha herufi za msingi za MySQL kuwa utf8mb4, majedwali ya zamani ya latin1 hayageuki. Na kuna mfano mzito kuliko hiyo yote, ambao nauleta kwa sababu unagusa umeme wetu.

Kigezo cha fsync kinaiamuru PostgreSQL isihesabu kwamba imeandika mpaka mfumo endeshi uthibitishe kuwa data imefika kwenye diski. Chaguo-msingi ni kuwashwa. Huku mtandaoni kuna mashauri mengi, mengine ya miaka kumi na zaidi, yanayosema ukizima fsync seva itakimbia. Ni kweli itakimbia. Umeme ukikatika katikati ya maandishi, hifadhidata inaweza kuharibika kiasi cha kutorekebishika, na dawa pekee ikawa ni nakala rudufu. Anayetoa shauri hilo labda anaishi mahali ambapo umeme hukatika mara moja kwa mwaka. Sisi tunajua yetu. Hapa hukatika saa yoyote, betri ya akiba imechoka, na jenereta inasubiri mtu akanunue mafuta. Kwa kigezo hiki nasimama upande wa kijana wetu na upande wa Berkeley bila kusita: rudisha, na rudisha leo. Vivyo hivyo innodb_flush_log_at_trx_commit ya MySQL, kigezo cha kazi kama hiyo, ambacho thamani yake ya msingi ni 1. Walioiweka 0 au 2 wanakubali kupoteza kama sekunde moja ya miamala kila mashine inapozimika ghafla, na kwenye kaunta ya malipo sekunde moja ni fedha ya mtu aliyekwisha ondoka na risiti.

Ila hata hapo kurudisha peke yake hakutoshi. Nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinaonya kwamba ukiwasha fsync baada ya kuizima, lazima ulazimishe kila kilichosalia kwenye kumbukumbu ya mfumo endeshi kishuke diskini: kwa amri ya initdb --sync-only, kwa sync, au kwa kuwasha mashine upya. La sivyo umewasha ulinzi juu ya data ambayo bado inaelea. Kama unataka kasi na huwezi kuipata kwingine, kuna kigezo cha synchronous_commit. Ukiizima unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa umeme ukikatika, lakini hifadhidata yenyewe inabaki nzima. Hasara hizo mbili hazilingani, na nasikitika kila ninapoziona zikizungumzwa kana kwamba ni moja.

Juu ya kumbukumbu sitakaa sana. Shared_buffers, sehemu ya RAM ambayo PostgreSQL hujitengea, ya megabaiti 128 imepangwa ili programu iwake popote, hata kwenye mashine dhaifu. Nyaraka zinapendekeza kuanzia kwenye robo ya RAM ikiwa mashine ni ya hifadhidata peke yake. Aliyeirudisha kwenye 128 katika mashine ya gigabaiti 16 ameifunga seva kamba. Lakini aliyekuta work_mem ya gigabaiti 1 na kuirudisha kwenye megabaiti 4 amefanya vyema, kwa sababu kiasi hicho hutumika kwa kila kazi ya kupanga, na muunganisho mmoja unaweza kuwa na kadhaa kwa wakati mmoja.

Wala mtu asidhani kwamba chaguo-msingi daima ni salama. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB, programu nyingine ya aina hii, zilizokuwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wezi, wakaacha ujumbe wa kudai fidia. Nyingi zilikuwa zimeachwa na mipangilio ya matoleo ya zamani, yaliyosikiliza mitandao yote na kutodai uthibitisho wa mtumiaji. Toleo la 3.6, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo, ndilo lililofanya kusikiliza mashine yenyewe tu kuwa kanuni kwa wote.

Ukiniuliza kosa la Kampemba lilianza wapi, sitakuonyesha siku faili la mfano liliponakiliwa. Lilianza siku fundi wa kwanza alipoandika thamani bila sababu pembeni yake. Postgresql.conf inaruhusu maelezo baada ya alama ya reli, na mstari mmoja tu ungetosha: nimeweka hivi kwa sababu mashine ina RAM kiasi hiki, tarehe fulani. ALTER SYSTEM ni rahisi kuliko kufungua faili, nami naitumia, lakini faili lake huandikwa upya na seva na ukiweka maelezo humo hayadumu. Inabaki thamani bila sababu. Ndiyo maana kwa seva ya duka, ambayo itapita mikononi mwa mafundi watano, napendelea faili lenye maelezo, hata kama linachosha. Na wenye maduka nao wana sehemu yao. Wanalipa kwa furaha fundi anayewasha mashine. Akiomba nusu siku ya kuandika alichofanya, wanamwambia siku hiyo hailipwi. Kisha fundi anapata kazi bora Kolwezi, na hawezi kulaumiwa kwa hilo, anaondoka na maarifa yote kichwani.

Sasa hivi kabla ya kugusa seva ya mtu nachukua kwanza picha ya pg_settings nzima, jedwali ambamo PostgreSQL huonyesha mipangilio yake yote: setting kwa thamani ya sasa, reset_val kwa ile ambayo RESET itanirudishia, boot_val kwa iliyomo ndani ya programu, source na sourcefile kwa mahali ilikotoka. Naichapisha kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haihitaji umeme. Kisha narudisha kigezo kimoja, naita pg_reload_conf ili seva isome upya mafaili yake, naangalia pending_restart kama kinasubiri seva iwashwe upya, naliacha duka lifanye kazi siku nzima. Kesho yake kingine. Vya usalama wa uandishi wa data, kama fsync, naanza navyo. Vya mahali, yaani tarehe, majira na lugha, sivirudishi kabisa. Naviandika wazi ndani ya faili hata pale initdb ilipokwisha kuviandika, ili anayekuja aone kwamba ni uamuzi. Na mfumo ninaoujenga mwenyewe unatuma tarehe kwa mwaka, mwezi, siku, ambayo PostgreSQL huisoma namna moja popote ilipo.

Duka lile tulilirudishia iso, dmy mchana uleule. Ankara zilichukua Jumamosi tatu. Mama alikuwa amezihifadhi zote kwenye boksi la kadibodi chini ya kaunta, na kijana alikuja mwenyewe bila kuitwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta. Mama alichomoa karatasi moja moja, akasogeza miwani, akamsomea kwa sauti: siku, halafu mwezi, halafu mwaka.